Mshauri Aliyemkimbia Mwenyekiti

Msajili Innocent hakumwamini mtu yeyote aliyetokea Dar es Salaam na begi la kompyuta begani, na nani angemlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na chuo kile kilikuwa kimeumwa barabara.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekolea, kila mtu anafungua kitu: huyu stesheni ya redio, yule duka la simu, mwingine basi la kwenda Mbeya. Kanisa nalo likafungua chuo kikuu kishiriki pale juu ya Makandana, mjini Tukuyu, mabati mapya, migomba imefika mpaka madirishani. Wanafunzi wakaja wengi kuliko viti. Ndipo akatokea bwana mmoja mwenye tai nyekundu, akajiita mshauri elekezi, akasema atawawekea mfumo wa kompyuta wa kutunza habari za wanafunzi: nani kasajiliwa, nani kafanya mtihani, nani kafaulu. Akabeba majalada yote ya matokeo, eti akayaingize kwenye mashine huko kwake. Weee! Majalada yakaenda, tai nyekundu ikaenda, na wanafunzi wa mwaka ule wakarudia mitihani waliyokwisha kuifaulu.

Innocent, mtu wa Ukerewe, aliajiriwa baada ya hapo ili aje kuzoa vioo vilivyovunjika. Mgeni wake wa kwanza ofisini alikuwa mama mmoja wa Kiwira, kanga imelowa mvua, mwanawe amegoma kurudia mitihani na ameingia kuchimba makaa ya mawe. Mama hakupiga kelele. Alikaa tu, akalia. Innocent akamwambia, "Mama, maadamu mimi nipo kwenye kiti hiki, matokeo ya mtoto wa mtu hayatapotea tena." Alilisema mbele ya makarani, na alilimaanisha. Tangu siku hiyo hakuwa na raha.

Katika kuulizauliza akaambiwa kwamba tapeli yule hakuwa peke yake. Alikuja na mwanamke, ila pale chuoni hakuna aliyemwona vizuri. Aliyekaa naye uso kwa uso ni mtu mmoja tu, mwenyekiti wa baraza la chuo, Mzee Ambwene, ambaye kwa ukarimu wake aliwakaribisha wote wawili nyumbani kwake Mpuguso wakala ndizi, siku ambayo mkewe alikuwa safarini. Innocent akaliweka hilo moyoni.

Sasa wafadhili wa kanisa wa ng'ambo wakatoa fedha za mfumo mpya, kwa masharti. Ziwe zimetumika kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, la sivyo zinarudi zilikotoka. Na chuo kiwe na mshauri wa kukisaidia kuchagua mfumo, kuununua na kusimamia ufungaji wake. Mshauri akafika Machi. Jina lake Tusekile, mwanamke wa makamo, mwembamba, sauti ya chini, Mnyakyusa aliyeishi Dar miaka mingi. Hakuleta mashine wala ahadi. Alileta maswali.

"Mwanafunzi akiahirisha mwaka mnafanyaje, Msajili? Akihama kozi? Nani ana ruhusa ya kurekebisha alama, na akizirekebisha, nani mwingine anajua?"

Innocent alijibu, lakini moyoni akasema: huyu anapekua. Anataka kujua mlango wetu unafungwaje.

Wiki ile ile walikuwa wamekaa ofisini, nje mvua ya Tukuyu, ile ambayo hujui imeanza lini wala itakwisha lini. Mara kikasikika kikohozi kikubwa langoni. Tusekile akakata sentensi katikati, akasukuma kiti, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia migombani bila mwavuli, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akaingia Mzee Ambwene na koti lake refu, akakohoa tena, akasalimia, akauliza habari za mabweni, akaondoka zake. Gari lake lilipokwisha kuteremka kilima ndipo mshauri akarudi, anachuruzika maji.

"Tulikuwa tumefika kwenye ada," akasema, akivaa kiatu chake.

Yesu na Maria! Mtu anakimbia mvuani kama mwizi wa kuku, halafu anasema tumefika kwenye ada!

"Dada Tusekile," Innocent akasema, "unamfahamu Mzee Ambwene?"

Tusekile akainamisha macho. "Jina hilo mimi silitamki, Msajili. Tuendelee na kazi, tafadhali."

Hapo Innocent akawa na jibu lake. Mwanamke wa tapeli ndiye huyu. Amebadilisha nguo na nywele, amerudi kumalizia mavuno, na mtu pekee anayeweza kumtambua ndiye huyo anayemkimbia. Hesabu ikakubali mara moja, na hesabu inayokubali mara moja, ndugu yangu, iogope.

Angeweza kuuliza. Sekela, katibu muhtasi wake, alizaliwa hapo hapo Makandana, na alikuwa nje ya mlango siku zote na chupa yake ya chai. Mkuu wa chuo, Mchungaji Ackson, hakuwa na siri na mtu. Lakini Innocent alishaamua kwamba watu wa huku wote ni ndugu, ukimnong'oneza mmoja asubuhi, jioni habari iko Kyela. Akanyamaza, akaanza kuchunguza peke yake. Na mtu mwenye shaka hakosi ushahidi, akitafuta tu anaupata.

Akagundua kwamba Tusekile amepanga nyumba ya wageni, yeye Mnyakyusa mwenye watu wake wilayani. Kwa nini? Akagundua kwamba kila Jumapili baada ya ibada anabeba kikapu na kwenda Mpuguso. Jumapili moja akamfuata, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alimwona mama yule anaiacha njia kubwa, anazunguka shambani, anaingia kwa Mzee Ambwene kwa upande wa jikoni. Mke wa mzee akapokea kikapu, wakashikana mikono, wakacheka. Kidogo kile kikohozi kikasikika barazani, na Tusekile akachuchumaa nyuma ya mgomba, mgongo ameuelekeza nyumbani, kanga kichwani, mpaka mzee alipopita.

"Anampitia bibi," Innocent akanong'ona peke yake mle migombani. "Anampumbaza bibi ili mzee asijue!" Siafu walikuwa wamemwingia kwenye suruali na wala hakuwasikia.

Kwa upande mwingine alikuwepo Julius. Ah, Julius! Huyu alikuwa muuzaji, kijana wa kampuni moja ya Dar iliyoomba zabuni, na ungempenda tu. Alikusalimia kwa mikono miwili na kukutazama machoni. Alimwita kila mtu kwa jina mpaka mpishi. Alifungua kompyuta yake ndogo mezani, akabonyeza, na majina ya wanafunzi yakajipanga yenyewe kwa rangi, waliofaulu kijani, waliofeli nyekundu.

"Msajili wangu," akasema, "karatasi mtasahau. Mhadhiri anaandika alama huku, zinalala salama kwenye mashine yetu kubwa Dar. Panya hali, mvua hailoweshi."

Innocent akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Tusekile hakutabasamu. Alikuwa ameegemea dirisha, akisikiliza kikohozi kisimkute.

"Kuingiza si kazi," akasema. "Naomba kuona kutoa. Wewe, Julius, toka nje ukanywe chai. Hawa wenyewe, bila mkono wako, watoe matokeo yote ya darasa moja, wayaweke kwenye diski yao wenyewe. Siku wakigombana nanyi, wabaki na mali yao."

Julius akacheka. Siku hiyo umeme ulikatika. Mara ya pili akasema namba ya siri ameisahau Dar. Tusekile hakubishana naye. Aliandika kwenye taarifa yake kwamba bila jaribio hilo chuo kisitie saini, akaomba lifanyike mbele ya baraza lenyewe, mchana ule ule wa kikao. Na Innocent? Innocent akaona mama huyu anamtafutia kijana wa watu kisa, pengine ana muuzaji wake wa pembeni.

Siku ya kikao ikafika. Baraza likakaa ukumbini, Mzee Ambwene akiwa ameketi pembeni mbele, mgongo ameupa mlango, kwani zabuni hii alikuwa amemwachia Mchungaji Ackson aiongoze. Mshauri hakuingia. Alikaa chumba cha pili, kwa Sekela, mlango umerudishwa. Mchungaji alikuwa asome taarifa yake, na wajumbe wakiwa na swali, Sekela alipeleke na kurudi na jibu.

Innocent alipouona mpango ule damu ilimchemka. Mshauri anayeshauri akiwa mafichoni, na watu wazima wamekaa wanaitikia kwa vichwa! Nitazame tu, mpaka lini? Sekela alipotoka kwenda kuchukua chai, yeye akaingia kile chumba.

"Dada Tusekile, mwenyekiti amepata dharura, ameondoka. Baraza linakutaka uingie ueleze mwenyewe."

Mama akamtazama. "Ameondoka kweli?"

"Nimemsindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari."

Uongo mkavu, kaka wa watu, tena mtu wa sala. Tusekile akakusanya karatasi zake, akatengeneza kitenge, akaingia ukumbini akiwa anatabasamu kidogo, kwa sababu kazi ile aliipenda na alikuwa amechoka kuifanya nyuma ya mlango. Innocent akaingia nyuma yake, akaufunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

"Mzee Ambwene!" akasema kwa sauti. "Geuka umtazame huyu mama. Si ndiye aliyekula kwako pamoja na yule tapeli?"

Mzee akageuka, kama yeyote angegeuka akiitwa hivyo. Wakaonana.

Tusekile alitoa sauti kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Karatasi zikatawanyika. Akageukia mlango, akamkuta Innocent, akamsukuma, Innocent hakusogea. Akaanguka magoti pale pale, uso ameubana ukutani. Mzee wa watu akavuta koti lake likamfunika kichwa, akainuka, akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa upande wa pili, anagonga viti, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Wajumbe wanawake wakakimbia na vitenge vyao wakamzungushia Tusekile. Julius peke yake alibaki amekaa, kompyuta yake mapajani.

"Innocent," Mchungaji Ackson akasema. "Umefanya nini?"

"Nimemfichua! Hamkuona alivyoshtuka?"

"Yule ni mkamwana wake. Mke wa Lusungu, mwanawe wa kwanza." Mchungaji akakaa chini. "Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, jina lake hatamki, wakikaribia kukutana mwanamke anaacha njia. Wengi siku hizi wamelegeza. Nyumba ile haijalegeza. Kile kikohozi ulidhani ni kifua? Mzee anapiga hodi, ili mtoto apate muda wa kupisha."

Lakini Innocent bado akajaribu. "Basi ni ndugu! Mkwe wa mwenyekiti anashauri zabuni ya chuo, na mimi nimefichwa?"

"Nani alikuficha? Mzee alilisema mwenyewe kwenye kikao cha baraza, wewe ukiwa likizo Ukerewe, na ndiyo sababu akajitoa kwenye zabuni. Tukacheka, tukasema huyu ndiye anayetufaa. Wezi wawili lazima wakae chini wapange. Katika Rungwe nzima, nitajie watu wawili ambao hawawezi kukaa chini wakapanga kitu! Hakuna aliyefikiri kukueleza, Innocent. Tulijua unajua. Na kama hukujua, ulishindwa kuuliza?"

Hilo la kuuliza lilimchoma kuliko yote.

Tusekile aliondoka jioni ile ile. Kosa halikuwa lake, lakini mila haiulizi kosa ni la nani: ilibidi arudi kwanza kwa wazazi wake, wazee wa pande mbili wakutane, na mpaka wakubaliane hakuwa na ruhusa ya kukanyaga Mpuguso. Jaribio la mchana halikufanyika. Kampuni iliyomtuma Tusekile ikaandika kwa adabu kwamba haitaleta mtu mwingine.

Juni ikawa inabisha hodi, na fedha za wafadhili zinataka kurudi kwao. Mchungaji Ackson akamwambia, "Wewe ndiye uliyeona mbali, Msajili. Haya, tuchagulie." Hakumkejeli. Alikuwa amechoka tu.

Innocent alilikumbuka lile jaribio, usidhani alilisahau. Alimwita Julius, akamwuliza, "Siku tukitaka vitu vyetu, tutavipata?" Julius akamshika mkono kwa mikono miwili, akamtazama machoni bila kupepesa. "Msajili wangu, mimi nikufiche nini?" Na Innocent, ambaye alimshuku mwanamke kwa kuinamisha macho, akamwamini mwanamume kwa kuyakaza. Saini ikatiwa.

Mwaka mzima mfumo ulikwenda vizuri. Karatasi zikaachwa kweli, wahadhiri wakaandika alama moja kwa moja kwenye mashine, na wengine wakahamia vyuo vingine bila kuacha hata nakala. Innocent akaanza kupata usingizi. Kisha ikaja wiki ya mahafali ya kwanza, wazazi wamekwisha kufunga mbuzi, na asubuhi hiyo kila kompyuta ilionyesha maneno yale yale: huduma imesitishwa. Akampigia Julius.

"Aisee, pole kaka," Julius akasema, nyuma yake muziki unalia. "Kampuni imeuzwa. Wenye nayo wapya wako Nairobi, wanataka mkataba mpya kabla hawajafungua. Mimi mwenyewe siku hizi niko kwenye vinywaji."

"Na matokeo ya watoto?"

"Yapo tu! Hayajapotea. Yako kwao."

Mahafali yakaahirishwa. Mchungaji Ackson alisimama kwenye ngazi kuwatangazia wazazi, na Innocent akasimama kando yake, kwa sababu haikuwa haki amwache peke yake. Alitaka ardhi immeze. Watoto waliokuwa na nafasi za kazi zinazowangoja wakaenda nyumbani mikono mitupu. Wanasheria wakaanza kuandikiana barua na Nairobi, na hakuna aliyeweza kusema zitachukua muda gani.

Mtu mmoja wa chuo cha Iringa akamwambia kwamba wao waliwahi kunaswa hivyo hivyo, na aliyewanasua ni mshauri mmoja mama, anaitwa Tusekile. Innocent akampigia simu. Haikupokelewa. Akapiga tena siku nyingine, ikapokelewa na mwanamume, akasema kwa upole kwamba mke wake hafanyi tena kazi za Tukuyu, akakata.

Basi ikabaki njia moja. Innocent akaenda Mpuguso, safari hii kwa barabara kubwa. Mke wa mzee alimkaribisha, akaweka chai na ndizi, akarudi jikoni. Mzee Ambwene alikuwa barazani na blanketi magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Innocent hakukaa. Akaomba radhi, akarudia kuomba, akalia hata. Kisha akasema lile lililomleta: kwamba matokeo ya watoto yamefungiwa, anayejua kuyafungua ni mmoja, na labda mzee akituma neno, mama atakubali kurudi.

Mzee alitazama migomba, mvua ikipiga bati.

"Kumwita, mimi siwezi," akasema. "Sikuwahi kumwita hata tulipokuwa salama. Wazee walishakutana, ng'ombe akachinjwa, yakaisha. Aliambiwa arudi. Haji. Anasema akifika hapa magoti yanakufa." Akavuta blanketi. "Wewe ulidhani tunachukiana, sivyo? Mtu anayemkimbia mwenzake mvuani, ungedhani nini kingine. Miaka yote ile sikumwona, lakini nilikuwa namjua. Nilijua hatua zake. Nilijua mkono wake kwenye chakula. Akija jikoni kwa mama mkwe wake, mimi huku nazima redio, nimsikie anavyocheka. Ana kicheko kizuri, yule mtoto! Nikajitengenezea sura yake kichwani, sura ya mtu anayecheka, na nikaridhika nayo."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Mchungaji aliniambia nisamehe, nikasamehe, ndaga, namshukuru. Na hiyo mashine yenu, kwa mahakama au kwa fedha, itafunguliwa." Mzee akamgeukia, macho yake yamejaa maji. "Lakini mimi uso wake nimeuona mara moja tu katika maisha yangu, na wewe ndiye uliyenionyesha. Alikuwa analia, ananitazama mimi kwa hofu. Ile ya kucheka sina tena, nikiitafuta siipati. Sasa hii uliyonipa, mwanangu, nimpelekee nani?"